Fundi Shaame Arudishiwa Miaka Yake

Mwenye kusikiliza na asikilize, na mwenye haraka ashike njia yake mapema, maana mimi nikishaanza sipendi mtu anikatize aniulize nchi hii iko upande gani. Iko. Inaitwa Usahihini, watu wake ni Wasahihi, na njia ya kufika huko sitawachosha nayo, kwa kuwa ni mavumbi na mbu kama njia nyingine zote. La kujua ni kwamba Kidawa binti Shaame alifika kwenye lango la Usahihini asubuhi moja, miguu imemvimba, akiwa na jambo moja tu moyoni: kumchukua baba yake na kumrudisha nyumbani.

Baba yake alikuwa fundi viatu wa kutembeza, na alikamatwa huko Kidawa akiwa na miaka sita. Kosa lake lilikuwa kukaa juu ya jiwe. Alichoka, akaona jiwe, akakaa ale muhogo wake wa kuchoma. Kumbe lile ndilo jiwe la mpaka, na kesho yake wapimaji wa serikali walipopima wakakuta nchi imepungua. Nani alionekana karibu na jiwe? Shaame. Basi akashtakiwa kwa kusogeza mpaka na kuiba nchi, akapigwa miaka thelathini. Alipokuwa amebakiza minne ndipo mpimaji mmoja aliyestaafu alipokumbuka kwamba wiki ile kamba ya kupimia ilikuwa imeazimwa kumvutia fahali aliyetumbukia shimoni, ikavutika, ikarefuka. Nchi haikuwa imepungua hata unyayo mmoja. Kamba ndiyo iliyozidi.

Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyeileta habari kijijini kwa kina Kidawa. "Baba yako amesafika," akamwambia. "Watamlipa fidia, kisha wamwachie." Kidawa, ambaye sasa ni mama wa mtoto, alilia, akacheka, akalia tena, kisha akafunga safari. Mama yake, Bi Mboni, hakuwepo wa kufurahi naye. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma, na baba hakuwa na habari. Hilo ndilo lililomkaa Kidawa kooni njia nzima, kwamba yeye ndiye atakayemwambia.

Karani wa langoni alikuwa kijana mnene mwenye bashasha. "Karibu sana, dada. Umekuja kumchukua nani?"

"Baba yangu. Fundi Shaame wa viatu."

"Ahaa, Shaame wa jiwe! Hongereni sana. Na wewe ni nani yake?"

"Si nimekwambia ni baba yangu? Mimi binti yake. Kidawa."

Bashasha yote ikamtoka kijana wa watu. Akachungulia nje, akafunga dirisha, akarudi kuinama juu ya meza. "Dada, nakuomba. Binti wa Shaame ana miaka sita."

"Ndiye mimi. Nimekua."

"Nyamaza!" Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Unataka baba yako arudishwe ndani? Neno hilo umelisema mara moja, na mimi sikulisikia. Ukilirudia mbele ya mtu mwingine, umemmaliza."

Kidawa hakuelewa kitu. Karani hakutaka kueleza zaidi. Alimpeleka mbio mbio, kama mtu anayetoa kaa la moto nyumbani kwake, hadi ofisini kwa Bwana Ramia, Mrejeshi Mkuu, mwenye mamlaka juu ya fidia zote za nchi ile.

Huyu Bwana Ramia alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye koti jeupe na tabasamu la daktari anayekwambia sindano haiumi. Alimkaribisha Kidawa kiti, akamletea maji, akamuuliza habari za njiani. Kisha akaanza kumsomesha.

"Nchi nyingine, bibi, mtu akifungwa bure humpa pesa. Hebu fikiria! Umemchukulia mtu ujana wake, halafu unampa noti akanunue nini? Huo ni utovu wa adabu. Sisi tunarudisha kile kile tulichochukua. Tulichukua miaka, tunarudisha miaka."

"Mnairudishaje, mheshimiwa?"

"Kwa sheria. Baraza linakaa na kutamka kwamba miaka ile haikupita. Mtu aliingia ana miaka thelathini na miwili, anatoka ana thelathini na miwili. Hajapoteza hata siku. Nyumba yake inarudishwa kama ilivyokuwa, kazi yake kama ilivyokuwa, watu wake kama walivyokuwa."

"Lakini mahakama si imekubali kwamba ilikosea?"

Bwana Ramia alitabasamu kwa huruma. Mahakama ya Usahihini, alieleza, haijawahi kukosea tangu iumbwe. Hukumu ya Shaame ilikuwa sahihi kabisa kwa kamba iliyokuwepo. Kilichokosea ni muda, kwa kupita wakati haukutakiwa kupita, na muda umeshaadhibiwa kwa kufutwa. Kwa hiyo hakuna wa kuombwa radhi wala wa kuiomba, kwa sababu hakuna kilichotokea.

"Wewe mwenyewe una umri gani?" akauliza.

"Thelathini na miwili."

"Umeona? Wewe na Shaame ni marika. Sasa mtu atamzaaje rika lake?"

Kidawa alitaka kucheka, akaona Bwana Ramia hacheki. Kicheko kikamgandia.

Akamtembeza. Nyuma ya ofisi kulikuwa na mtaa mzima wa watu waliokuwa wakirejeshwa, wakingoja siku yao ya Kikao. Kibarazani kwa nyumba ya kwanza alikaa babu mmoja asiye na jino hata moja, mbele yake mafungu ya miwa. Aliingia gerezani akiwa na meno thelathini na mawili, Bwana Ramia akasema kwa fahari, na kisheria yote yapo, kwa hiyo anapewa miwa kila asubuhi. Babu aliuinua muwa, akauramba, akauweka chini. Nyumba iliyofuata alikuwemo mwanamke wa makamo aliyefungwa mto tumboni kwa kitambaa. Alikamatwa akiwa na mimba. Mwanawe alizaliwa humo humo gerezani, na sasa alikuwa kijana mwenye ndevu, amesimama ng'ambo ya barabara, akimtazama mama yake tu. Hakuruhusiwa kusogea.

"Kwa nini asisogee?" Kidawa aliuliza.

"Hajazaliwa," alijibu Bwana Ramia.

Mimi nilipolisikia hili mara ya kwanza nilitukana, na aliyenisimulia akanikanya. Kidawa hakutukana. Alimtazama yule kijana, na yule kijana akamtazama yeye. Alianza kuelewa alipofikia.

Baraza lilikuwa limekaa siku ile, na wageni wanaruhusiwa kusikiliza, kwani Wasahihi wanajivunia sana mijadala yao. Hoja ilikuwa mvi. Mjumbe mmoja, mwanamke mwenye sauti kali, alisema kwamba mvi za waliorejeshwa ni ushahidi wa wazi dhidi ya mahakama, zinatembea barabarani bila haya, zipakwe piko zote, ile rangi nyeusi ya nywele. Mzee mmoja wa upande wa pili akasimama kwa hasira. Kupaka piko, alisema, ni kukiri kwamba mvi zipo. Nywele haziwezi kuwa nyeupe katika miaka isiyokuwepo. Basi mvi hizo ni za kughushi, na aliyeghushi ni mwenye kichwa, naye ashtakiwe! Walibishana hadi sauti zikawakauka. Hakuna aliyeuliza wenye vichwa wangependa nini. Mwishowe wakapiga kura, na piko ikashinda kwa kura mbili tatu. Kidawa alishusha pumzi, kisha akajishangaa: yaani ameanza kushukuru kwa piko!

Walipotoka ndipo Bwana Ramia alipomwambia lililokuwa muhimu. Kikao cha Shaame kilikuwa kesho. Ataulizwa maswali machache, mepesi kabisa. Akijibu kama mtu ambaye miaka haikumpitia, atakabidhiwa muhuri wa kuachiwa na kwenda zake. Lakini akiitaja ile miaka, hata kwa mdomo kuteleza, atakuwa ameidai. Miaka ikidaiwa, ipo. Ikiwa ipo, ni miaka ya kifungo. Na mwenye kifungo hana budi kukimaliza.

"Amebakiza minne," akasema Bwana Ramia kwa upole. "Ingesikitisha."

"Je, nikienda kumwona?"

"Kama nani?"

Kidawa akalimeza lile neno 'binti'. Bwana Ramia akamwinamia kwa adabu na kuingia ndani.

Aliyemsaidia alikuwa Bi Semeni. Huyu alikuwa mwanamke mpana mwenye miguu mizito, mwajiriwa wa ofisi ya fidia kwa cheo cha mke. Ndiyo, mke. Kwa kuwa wake wa waliofungwa mara nyingi wameolewa kwingine, au wako mbali, au wako kaburini, serikali hutoa mke badala yao ili mtu akute nyumba kama alivyoiacha. Bi Semeni alimkuta Kidawa amekaa juu ya ngazi za Baraza, uso viganjani, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Wewe ni wa Shaame," akasema taratibu. "Usiniambie kitu. Nina macho."

"Mama, nifanye nini?"

"Kwanza inuka, watu wanakutazama. Mimi asubuhi ni mke wa yule babu wa miwa, mchana ni mke wa Shaame, saa kumi narudi kwangu kumpikia mume wangu wa kweli, ambaye hajawahi kusema ahsante hata siku moja. Sasa ni mchana. Una kiatu kibovu?"

Kidawa alikitazama kiatu chake. Kilikuwa kizima. Akakishika kwa mikono miwili, akaung'oa ukanda.

"Sasa unacho," akasema Bi Semeni. "Wewe ni mteja. Pale mlangoni ameketi Msikilizaji wa serikali. Kazi yake ni kusikia, na anaifanya vizuri, Mungu amlaani. Neno moja tu la kijinga, mwanangu, na sisi sote tumekwisha."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Msikilizaji, mtu mkimya mwenye masikio ya kawaida tu, alikaa kwenye kigoda akichonga kijiti. Ndani, juu ya kiti kidogo karibu na jiko, palikuwa pametundikwa gauni la mtoto wa miaka sita. Zamani walikuwa wakitoa watoto wenyewe, Bi Semeni alimnong'oneza, lakini watoto wa fidia wana tabia mbaya ya kukua, kila mwaka inabidi wabadilishwe, na wazazi wakaanza kukataa kuwaazima. Siku hizi wanatoa gauni.

Na kwenye mkeka, akiwa ameinamia soli, alikaa mtu mdogo aliyepindika mgongo, nywele nyeusi tititi kwa piko, hata ngozi ya kichwa imeingia weusi. Kidawa alimtafuta baba yake ndani ya mtu yule. Alimkumbuka mtu mrefu. Akaona mikono, akaijua.

"Baba Kidawa," Bi Semeni aliita kwa sauti ya kazini, "mteja huyo."

"Karibu, bibi," akasema Shaame bila kuinua kichwa. "Kiatu kina nini?"

"Kimekatika ukanda." Sauti ya Kidawa ilitoka nyembamba.

Mikono ikasimama. Akainua uso polepole, akamtazama, na Kidawa akaona kitu kikipita machoni pale, kikaja, kikarudi nyuma, kikaja tena. Watu wote walisema Kidawa ni Mboni mtupu, pua na paji la uso. Mlangoni kijiti kilikuwa hakichongwi tena.

"Umetoka mbali?" akauliza fundi.

"Kidogo."

"Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Wa kiume."

"Anaitwa nani?"

Bi Semeni alikohoa. Kidawa alijua kwamba angeweza kusema jina lolote. Majina yamejaa duniani. Lakini mtu aliyevuka kote kule, amemkuta baba yake amepakwa piko kama ngozi ya ngoma, utamwambia nini?

"Shaame," akasema.

Fundi alichukua sindano, akakosa tundu, akakosa tena. Akaushona ukanda ule kwa mishono mingi kuliko inavyohitajika, mmoja juu ya mwingine, akiwa ameinama sana. Alipomaliza alimpa kiatu, na vidole vyao vikagusana chini ya soli ambapo Msikilizaji hakuweza kuona.

"Na mama yako," akauliza, "hajambo?"

Swali lenyewe halikuwa na hatari. Mteja yeyote ana mama, na mama wa mteja anaweza kuwa amekufa. Kidawa angeweza kulijibu kwa ukweli mbele ya Msikilizaji mwenyewe. Alifungua mdomo. Akaiona kesho, akamwona baba yake amesimama mbele ya Kikao na habari ile mbichi kifuani, anaulizwa kama mke wake yupo, anavunjika mbele za watu. Aliogopa, jamani. Aliogopa sana.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu."

Uso wa fundi uling'aa mpaka Kidawa akalazimika kutazama pembeni.

Usiku ule hakulala, na nani angelala? Alijinyoosha kwa jirani wa Bi Semeni, akigeuka upande huu na ule, akihesabu njia zote ambazo mdomo unaweza kumponza mtu.

Kikao kilifanyika ukumbini, watu wamejaa, kwa sababu Wasahihi hupenda kuona wema wao ukitendwa. Mbele walikaa wajumbe watatu, na katikati yao Bwana Ramia. Kando alikaa hakimu aliyemhukumu Shaame. Hakimu mwenyewe alishafariki, lakini kisheria hajafariki, basi mwanawe alivalishwa joho la baba yake, likamfunika mikono. Shaame aliletwa. Koti walilomvalisha lilikuwa la siku aliyokamatwa, na sasa lilimning'inia.

"Jina lako?"

"Shaame, fundi viatu."

"Umri?"

"Thelathini na miwili."

Watu wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidawa, aliyejibanza nyuma ya nguzo, alikuwa ameuma pindo la kanga yake.

"Mkeo yupo?"

Bi Semeni alisimama na kujifunika vizuri. Shaame akamtazama, na kwa sekunde moja midomo yake ikacheza. "Yupo," akasema, "hajambo." Na Kidawa alijua lile "hajambo" lilikuwa la nani, na limetoka wapi.

"Mwanao?"

Mhudumu aliinua gauni juu kwa mti.

"Yupo."

Ikaonekana yamekwisha. Bwana Ramia alishaunyoosha mkono kuuchukua muhuri. Ndipo Msikilizaji aliponyanyuka mahali pake, akaenda mbele, akamnong'oneza sikioni. Bwana Ramia alisikiliza, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akatazama ukumbini, akamwona.

"Yule mwanamke aliye nyuma ya nguzo asogee."

Watu wakamsukuma taratibu, kwa heshima kabisa, mpaka akajikuta amesimama hatua chache tu kutoka kwa baba yake, katikati ya macho yote yale.

"Shaame," akasema Bwana Ramia, "mwanamke huyu alikuja kwako jana na kiatu. Tunaambiwa mtoto wake ana jina lako, na mkono wako ulitetemeka ulipolisikia. Tuambie. Unamjua?"

Kidawa hakuthubutu kumtazama. Alikodolea macho vigae vya sakafuni na kuomba, kwa nguvu zake zote, jambo ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuliomba: Nikane, baba. Nikane. Sema hunijui, twende nyumbani.

Shaame akamgeukia Bwana Ramia.

"Simjui," akasema Shaame. "Mimi binti yangu ana miaka sita. Anapenda nimbebe begani. Huyu siwezi kumbeba."

Watu wakacheka, hata wajumbe wakacheka, hata yule hakimu wa kuazima ndani ya joho. Kidawa naye alicheka, machozi yakimshuka, na watu wakadhani ni aibu.

"Vizuri," akasema Bwana Ramia. "Limebaki tamko la mwisho. Rudia baada yangu: Sikupoteza kitu."

Hapo Shaame alisita. Alitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi. Mjumbe mmoja akatazama mwenziwe. Msikilizaji akainua shingo.

"Shaame?"

"Sikupoteza kitu," akasema Shaame.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakampa muhuri, wakamwimbia, wakampongeza kwa ujana wake. Bi Semeni alipita karibu na Kidawa akiwa amebeba gauni la mtoto kulirudisha ghalani. "Tangulia wewe, upite lango," akasema bila kusimama. "Mngoje mbele, na usimwite mpaka muwe mmetoka kabisa." Kisha akaenda zake, maana alikuwa amechelewa kwa babu wa miwa.

Kidawa alimngoja ng'ambo, mahali barabara inapopinda na lango halionekani. Shaame alikuja polepole, mfuko wa zana begani, akitazama nyuma kila mara. Walitembea wakiachana hatua tano, kama wasafiri wasiojuana, wakapita shamba la kwanza na la pili. Hata pale waliposimama na kukumbatiana walifanya hivyo kimya kimya, wameshikana kwa nguvu, wakisikiliza kama kuna nyayo nyuma yao.

"Shaame mdogo," baba akasema hatimaye, akimshika uso. "Anafanana na mimi?"

"Mkaidi, kama mama alivyozoea kusema juu yako."

"Haya, twende. Twende haraka, tusimngojeshe mama yako."

Alishaanza kutembea. Alitembea upesi, mgongo ule uliopindika ukinyooka kidogo kidogo, na Kidawa akaona kwamba kila hatua anayomwacha apige itaufanya ukweli uwe mgumu zaidi. Akamshika mkono.

"Baba. Mama hayupo."

"Ameenda wapi?"

Kidawa akatikisa kichwa. Shaame akaelewa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lakini ulisema hajambo."

"Niliogopa. Nilijua ukiambiwa jana, leo usingeweza kusimama pale. Nisamehe, baba."

"Lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na moja."

Akakaa chini hapo hapo, kwenye mavumbi, na mfuko wa zana ukamwangukia pembeni.

"Kidawa," akasema, "mimi nimesimama mbele ya watu nikasema sikupoteza kitu."

"Walikulazimisha."

"Nimesema mke wangu yupo. Watu wakapiga makofi." Kisha akajizoazoa, akasimama, akageuka kule walikotoka. "Nakwenda kuwaambia. Miaka minne ni kitu gani? Nitaikaa. Lakini neno lile siwezi kuliacha kule."

Kidawa alimkamata koti kwa mikono miwili. Koti lile la zamani lilianza kuachia mishono begani, na hakuliachilia. "Baba, huko hakuna wa kumwambia! Utawaambia nini wakusikie? Wewe umemwona yule kijana mwenye ndevu, amesimama mbele ya mama yake na wanasema hajazaliwa! Nilikuja kukuchukua. Nimemwacha mwanangu kwa watu, nimevuka kote kule, nimesimama pale nikaomba unikane. Usinifanye nirudi peke yangu."

Aliyasema yote hayo akilia kwa sauti, bila kujali tena nani anasikia. Shaame alisimama akiutazama upande wa Usahihini, kifua kikipanda na kushuka. Kidogo kidogo akaacha kulivuta lile koti.

"Miaka ishirini na sita," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa sauti. Akaisema tena, polepole, na hakuna Msikilizaji aliyeandika wala kunong'ona. "Ishirini na sita, mwanangu. Mimi sijui hata mmoja ulikuwaje."

"Mimi naijua."

"Basi nieleze. Yote. Usiruke hata mmoja, hata ule mbaya."

Wakakaa kando ya barabara, bega kwa bega, na jasho likiichuruza piko shingoni mwa mzee yule. Kidawa akajifuta uso kwa kanga, akaanza na mwaka wa kwanza, ule ambao mama yake alikataa mtu yeyote mwingine asiguse makubazi ya mumewe, vile viatu vya ngozi, mlangoni, akiyasogeza mwenyewe kila asubuhi ili afagie na kuyarudisha pale pale.